Waya wa Buluu, Jogoo wa Mama na Meza Yangu

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Mvua imenyesha tangu ibada ya pili hadi alasiri, mabati bado yanadondosha. Mbavu zinaniuma. Siyo kwa kazi, ingawa kazi ipo. Zinauma kwa kicheko nilichokibana saa mbili nzima, maana mama yangu mzazi alikuwa sebuleni, mume wangu alikuwa chumbani, na mimi katikati yao kama karani wa forodha.

Apolot amelala. Ana miezi mitano na leo amelala bila kubembelezwa. Naandika haraka kabla hajakumbuka kwamba ana mama.

Nianze na meza, kwa sababu yote yalianza na meza.

Nyumba yetu ina vyumba viwili, sebule na chumba cha kulala. Dirisha la chumbani linatazama ukuta wa jirani, kwa hiyo mwanga wa kweli uko sebuleni tu, chini ya dirisha la mbele. Hapo ndipo palikuwa na meza yangu na cherehani yangu ya mkono. Nimeshonea pale sare za shule, magauni ya gomesi ya harusi, na mapazia ya nusu ya mtaa huu. Nilipojifungua nilikwenda kwa mama, kijijini Bulumbi, nikakaa wiki tatu. Niliporudi na mtoto mgongoni, cherehani ilikuwa chumbani imefunikwa shuka kama maiti, na juu ya meza yangu kulikuwa na muziki wa Baba Apolot.

"Ni kwa muda tu," alisema.

Huo muda sasa una miezi mitano, sawa na mtoto. Ila mtoto angalau ameota jino.

Niseme mapema nisije nikaonekana sina shukrani: mume wangu ni mtu mzuri. Anauza vipuri kwenye duka moja Tororo, hanywi, hafoki, na mtoto akijinyea hajifanyi hajanusa. Ugonjwa wake ni mmoja tu, nao ni sauti. Ana deki ya CD. Ana amplifaya ya mitumba, nzito kama gunia la mahindi. Ana spika mbili zinazonifika kiunoni. Halafu ana kisanduku cheusi kidogo ambacho kazi yake, kama nilivyoelezwa mara nyingi huku nasinzia, ni kupokea namba kutoka kwenye deki na kuzigeuza ziwe sauti. Kati ya deki na kile kisanduku unapita waya mmoja, urefu wake hauzidi mkono wangu.

Huo waya ndio ulioingia katika ndoa yetu.

Sasa anazo nyaya tatu. Wa kwanza ni mweusi, mwembamba, ncha zake ni za manjano, ulikuja bure pamoja na deki ya zamani ya video. Wa pili ni wa mwanga: ukiuchomoa unaona tone jekundu linawaka kwenye ncha, na Apolot analipenda hilo tone kuliko anavyonipenda mimi. Wa tatu ndio mfalme. Mnene kama kidole gumba, umesukwa kwa nyuzi za buluu, ncha zimepakwa dhahabu. Ulitoka Nairobi kwa basi hadi Busia ya Kenya, naye akaenda kuupokea mwenyewe, akauvusha mpakani ameuficha ndani ya shati, kifuani, kama mtu aliyebeba kifaranga.

Kwa mujibu wake, waya wa buluu unaipa besi nyama. Waimbaji wanasimama mbalimbali, unaweza hata kupita katikati yao ukawasalimia. Wa mwanga ni msafi lakini umepoa, kama chai ya hospitali. Na wa manjano sauti yake "imechoka".

Mimi ninasikia kwaya ileile.

Nimewahi kumuuliza swali la mtu wa darasa la saba. Nikikuandikia meseji "njoo nyumbani mtoto anaumwa" kwa simu ndogo ya katochi, na nikikuandikia hiyohiyo kwa simu kubwa ya kioo, je, mtoto anaumwa zaidi kwenye ile ya kioo? Kama ni namba zinapita, si zinafika au hazifiki? Alinitazama kwa huruma. Akasema mambo ya sauti siyo mambo ya meseji.

Lakini niandike na upande wake, maana hapa sifichi kitu. CD anayopimia nyaya ni ya kwaya ya kanisa la kwao Mella. Aliimba humo kabla hatujajuana, safu ya nyuma, upande wa besi. Anasema kwa waya wa buluu anajisikia yeye mwenyewe, na kwa wa manjano anapotea. Wimbo wa tatu ukifika kwenye kiitikio ananishika mkono. "Hapo! Umenisikia?"

Nami nasema ndiyo.

Sijawahi kumsikia. Hata siku moja. Nimekuwa nikisema ndiyo kwa sababu nimechoka, na kwa sababu anavyouliza anafanana na Apolot akisubiri ziwa.

Mwezi uliopita uvumilivu uliisha. Shule zinakaribia kufunguliwa, nimeletewa vitambaa vya sare, na kushonea kitandani huku mtoto anavuta pini ni kutafuta msiba. Nikamwambia, Baba Apolot, nataka meza yangu. Akasema muziki hauwezi kukaa chini, kuna mtetemo. Nikamwambia basi tufanye mtihani. Ukae mahali usipoona, mimi nibadilishe nyaya, wewe utaje. Ukizitaja zote sawasawa mara tatu, meza ni yako mpaka Apolot aolewe. Ukishindwa, cherehani inarudi mahali pake.

Akacheka, akanipa mkono. "Hata usingizini nazijua."

Baada ya hapo ndipo nilipojifunza kuwa masikio nayo yana udhuru. Jumapili ya kwanza yalikuwa yamechoka na honi za bodaboda. Ya pili umeme ulikuwa dhaifu. Ya tatu waya wa buluu ulikuwa "haujazoea", kwa kuwa eti waya mpya unatakiwa upigiwe muziki siku nyingi ndipo ulegee, kama kiatu.

Leo asubuhi waya ulikuwa tayari umezoea, ila yeye ndiye alikuwa na mafua kidogo.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Saa saba mchana, mvua inamwagika. Baba Apolot yuko sebuleni kwa kaptula, kifua wazi, ameketi sawa katikati ya spika mbili, macho amefumba, waya wa buluu uko kazini. Mimi nakunja nepi. Mlango ukagongwa, na sauti ninayoijua tangu tumboni ikasema hodi kwa Kisamia.

Mama! Kutoka Bulumbi, bila simu, katika mvua ile.

Kwa asiyejua desturi yetu: mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawali pamoja. Ndivyo ilivyo kwetu Wasamia na ndivyo ilivyo kwao Wateso, katika hilo pande mbili hazijawahi kugombana. Mama akija hukaa barazani, na mkwewe hutoka akiwa ameinamisha kichwa, akapotea. Lakini leo baraza ilikuwa imejaa maji, na nyumba hii ina mlango mmoja tu. Na mkwe alikuwa na kaptula ya kulalia.

Sijawahi kumwona akikimbia hivyo. Alipita pazia la chumbani kabla mama hajamaliza hodi ya pili.

Mama akaingia, gomesi imelowa hadi magotini, kikapu cha unga wa wimbi kichwani, jogoo mwekundu kwapani. Akaona kandambili za kiume mlangoni. Akajitanda kitenge hadi kwenye macho.

"Nekesa, mwenye nyumba yupo?"

"Yupo, mama. Chumbani."

"Basi nigeuzie kiti."

Nikamgeuzia kiti, akakaa akiligeuzia pazia mgongo, nikampa mjukuu. Mtu akitaka kusema na mkwewe anamtuma mtoto, hata kama mtoto mwenyewe hajui kusema. Kwa hiyo mama akamtazama Apolot na kupaza sauti: "Apolot, mwambie baba yako bibi anamsalimia."

Pazia likajibu kwa adabu kubwa: "Apolot, mwambie bibi yako karibu sana. Mvua kule imekuja?"

"Mwambie imekuja. Maharage yamesimama."

Apolot akacheua maziwa. Salamu zikawa zimefika pande zote.

Nikaenda jiko la nje kuchemsha chai. Muziki uliendelea nyuma yangu, kisha ghafla ukanyamaza. Nikadhani umeme. Niliporudi na sinia, taa za amplifaya zinawaka vizuri. Mama ametulia na mjukuu. Na jogoo amefungwa kwenye mguu wa meza.

Kwa waya wa buluu.

"Kamba ya katani ililowa ikakatika," mama akaniambia kwa sauti ya chini. "Nikaona hii hapo mezani. Nilivuta tu ikatoka. Na wimbo wenyewe ukawa umeisha."

Ncha moja ya dhahabu ilikuwa inaning'inia kwenye paja la jogoo kama kidani. Ncha ya pili, sitaki kusema ilikuwa imelalia nini pale sakafuni. Nyuma ya pazia mtu akakohoa. Akakohoa tena. Kwa desturi hangeweza kutoka, na kwa desturi hangeweza kufoka kuhusu muziki mbele ya mkwe. Aliweza kukohoa tu, maskini.

Nikaona bora muziki urudi kwanza, mengine baadaye. Nikachukua ule waya wa ncha za manjano, nikachomeka tundu lilelile, nikaanzisha CD upya. Kwaya ikaimba.

"Apolot!" Pazia likapata uhai. "Mwambie mama yako asikie hiyo waya ya buluu! Imeamka! Si nilisema itazoea? Sikia besi hiyo, ina nyama kabisa!"

Nilisimama na birika mkononi. Mama ananitazama, jogoo ananitazama.

Mtihani wangu ulikuwa umejileta wenyewe. Mtu hawezi kuona, hawezi kutoka, na shahidi ni mama mkwe wake.

Nilitaka uwe wa haki, kwa hiyo nikasema wazi: "Apolot, muulize baba yako, ile ahadi ya meza bado ipo? Kama ipo, tuanze sasa hivi, hapohapo alipo."

Pazia lilifikiri kidogo. Lakini mama mkwe alikuwa anasikia, na mwanamume gani atasema mbele ya mkwe kwamba ana mafua?

"Mwambie ipo. Na hiyo ya kwanza nimeshataja, ni buluu."

Nikamnong'oneza mama maana ya yote haya. Akaangalia spika, akaangalia meza, akaangalia pazia. "Watu wa Mella," alisema polepole.

Mara ya pili nikaweka waya wa mwanga, nikabonyeza kitufe cha kisanduku kama nilivyomwona akibonyeza mara mia.

"Aa, hiyo ni manjano!" likasema pazia. "Toa. Imechoka hiyo, inaniumiza masikio."

Mama alijifunika mdomo kwa kitenge. Mabega yalikuwa yanacheza. Mimi nilimeza chai ya moto nisicheke, ulimi hadi sasa unauma.

Mara ya tatu nikarudisha wa manjano, ule uliochoka. Bahati ikawa wimbo wa tatu umefika. Kiitikio kikaingia. Mama akainua kidole, akatega sikio, akasahau kunong'ona.

"Huyo mmoja wa nyuma vipi? Mbona anaanza kabla ya wenzake?"

Pazia likatikisika zima.

"Apolot! Mwambie bibi yako huyo ni mimi! Ni mimi huyo! Amenisikia!" Sauti ilikuwa imepanda kama ya mvulana aliyeitwa jina lake mbele ya shule. "Mama Apolot, unaona? Ni waya ya buluu hiyo! Hakuna waya nyingine inaweza kunitoa mle ndani! Hakuna!"

Na kwaya ilipopaza sauti, jogoo akashtuka. Akapiga mabawa, fundo la mama likafunguka kwenye mguu wa meza, ila la kwenye mguu wake likabaki. Akatembea sakafuni taratibu, ncha za dhahabu zikigonga saruji ti, ti, ti, akainamisha kichwa akapita chini ya pazia.

Tulilitazama pazia, mimi na mama. Hata Apolot.

Kisha kutoka ndani, kwa sauti ndogo sana:

"Mama Apolot."

"Naam."

"Huyu jogoo amefungwa na nini?"

Kabla sijajibu, mama alijitanda vizuri, akamwinua Apolot kuelekea pazia kama mtu anayepeleka mzee wa ukoo. "Apolot, mwambie baba yako anisamehe. Niliona kamba nzuri, laini, haikati mguu, nikadhani ni ya mbuzi."

Ule waya ulisafiri kifuani kwake. Ule waya hulala ndani ya pochi yake. Mimi mwenyewe nimekatazwa kuukunja.

"Apolot," pazia likasema mwishowe, "mwambie bibi yako hakuna neno. Ni kamba tu."

Ni kamba tu! Nitaandika hayo maneno niyashone kwenye kitambaa cha kochi.

Mvua ilipokata mama alikataa kungoja chakula, alitaka kuwahi pikipiki ya Bulumbi kabla barabara haijawa tope zaidi. Nilimsindikiza hadi njiani. Alicheka kuanzia mlangoni hadi kwenye mwembe wa jirani. Kisha akanishika mkono. "Usimseme sana," aliniambia. "Mtu aliyefungiwa ndani na kaptula kwa saa mbili, akanijibu kwa heshima vile, huyo ni mkwe."

Niliporudi, Baba Apolot alikuwa amevaa shati na suruali ndefu, na amemfungua jogoo. Aliinua amplifaya peke yake, akaipeleka kona ya mlangoni juu ya kreti mbili za soda. Akahamisha spika. Akapangusa meza kwa kanga yangu ya kubebea mtoto, kosa ambalo leo nimeliacha lipite. Kisha akaenda chumbani, akaondoa shuka, akaja na cherehani mikononi na kuitua chini ya dirisha. Taratibu, kama anavyotua vitu vyake.

Alisema tu kwamba pazia linameza sauti za juu. Nikamwambia pazia lilikuwa lilelile mara zote tatu. Akakubali kwa kichwa.

Akasimama pale, akijikuna shingo. "Kweli alinisikia?"

"Alikusikia."

"Kwa ile ya manjano?"

"Kwa ile ya manjano."

"Basi," alisema, "mama yako ana masikio." Akatoka kwenda kumtafutia jogoo kamba ya katani. Nilimsikia akipiga mluzi nje. Nilitarajia nione mtu aliyeshindwa, na sikumwona.

Nami nimebaki na deni langu la ukweli, kwa sababu nyumba hii mwenye kudanganya kuhusu sauti siyo yeye peke yake. Yeye anasikia visivyokuwepo. Mimi nimesema nasikia kilichokuwepo bila hata kusikiliza.

Kwa hiyo kabla ya kuandika haya nimeweka wimbo wa tatu, kwa sauti ya chini nisimwamshe mtoto. Nimekaa mezani kwangu, viwiko juu ya mbao yangu, nimefumba macho kama afanyavyo yeye. Kiitikio kilipokaribia, kabla wenzake hawajavuta hata pumzi, mwanamume mmoja wa safu ya nyuma akaingia. Mapema. Kwa moyo wote. Kama anavyoanza kula kabla ya sala kwisha, kama alivyokuja kuniposa wiki moja kabla ya siku tuliyopanga.

Nilirudisha nikasikiliza mara nne. Waya ni wa manjano. Wa buluu umeanikwa kambani kati ya nepi, nimeuosha kwa sabuni.

Nifanye nini na hili? Nikimwambia leo nimekusikia, atauliza mbona siku zote nilisema ndiyo. Nisipomwambia, nitakuwa nimedanganya mara mbili.

Nasikia anarudi, mluzi umefika barazani. Apolot anajinyoosha. Kesho nitaanza na mikono ya sare, mwanga ukiingia tu. Lakini hili naona lisingoje kesho. Akiingia nitamwekea wimbo wa tatu, na kiitikio kikifika, mimi ndiye nitakayemshika mkono.